Kulikarabati Behewa la Zamani Pamoja na Umeme Wake: Mwongozo kwa Wanaojitolea Nairobi

Mtu anayeingia katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi kwa mara ya kwanza huenda moja kwa moja kwenye injini ya mvuke nambari 5918, Mount Gelai, na hana kosa, kwa kuwa injini hiyo iliyoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester katika miaka ya 1950 ina uzito wa takribani tani 250, na ni miongoni mwa injini kubwa kupita zote zilizowahi kutembea juu ya reli ya upana wa mita moja. Mabehewa hutupiwa jicho tu, ila lile ambalo simba aliingia usiku na kumuua afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima, mwezi Juni mwaka 1900. Hata hivyo, behewa ndilo linalohitaji mikono zaidi. Chuma kinene cha injini huweza kuvumilia mvua miaka na mikaka. Mbao, turubai, nyaya na ngozi ya viti havivumilii, na behewa lililosahauliwa misimu michache ya masika huanza kujifia lenyewe kutokea paani.

Mwongozo huu ni kwa wale wanaotaka kuanza kazi hiyo kwa kujitolea. Ninauandika kutokana na Jumamosi nyingi nilizokaa ndani ya behewa la mbao pamoja na wenzangu, miongoni mwao seremala, fundi umeme wa magari, mwalimu mstaafu na vijana wa chuo cha ufundi. Jambo ninalotaka lishike kuliko mengine yote ni hili: behewa la zamani ni ushahidi, na kila kinachong'olewa bila kuandikwa ni sehemu ya ushahidi huo iliyopotea, hata kama kilichowekwa mahali pake kinapendeza zaidi.

Wenzetu wa ng'ambo wamejifunza haya kwa muda mrefu. Mwaka 1939, katika jimbo la Maine nchini Marekani, wapenzi wachache wa reli walichanga dola 150 wakanunua gari nambari 31 la reli ya umeme ya Biddeford na Saco lililokuwa likielekea kuvunjwa, na kutokana na gari hilo moja yakazaliwa makumbusho ya Seashore. Magari ya namna hiyo hupokea umeme wa volti 600 kutoka waya wa juu, na wanaoyakarabati hulazimika kujua mota, vizuia umeme na vidhibiti vya mwendo kama wanavyojua randa na patasi. Sisi Kenya hatukuwahi kuwa na magari hayo. Reli yetu ya kale ilienda kwa mvuke, kisha kwa dizeli, na hata reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017 inavutwa na dizeli. Ni majirani zetu wa Tanzania walioanza kubeba abiria kwa treni za umeme, kati ya Dar es Salaam na Morogoro, mwezi Juni 2024. Lakini umeme wa zamani tunao. Umejificha chini ya sakafu ya mabehewa, katika dainamo na masanduku ya betri, na ni nadra mgeni kuinama akautazama.

Ruhusa na ulinzi

Pateni ruhusa ya maandishi kutoka kwa msimamizi wa makumbusho kabla ya kugusa chochote, nayo itaje behewa lipi, sehemu ipi na kazi gani. Ruhusa ya mdomo huleta ugomvi pale anayeitoa anapohamishwa. Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na ni vyema kiongozi wa kundi aisome mapema. Kila kilichofunguliwa kikae kwenye stoo yenye kufuli ndani ya uwanja uleule, hasa vitu vya shaba. Vitasa, bawaba na nyaya za behewa vina bei kwa wauza vyuma chakavu, na hali ilipokuwa mbaya, mwezi Januari 2022, Serikali ililazimika kuisimamisha biashara hiyo nchi nzima kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa vifaa vya reli, umeme na mawasiliano.

Daftari kabla ya bisibisi

Tengeni siku nne au tano za kuandika tu. Wageni wa kazi hii huchukia siku hizo, kwa sababu wamekuja na nguvu na wanataka kuona vumbi, lakini hakuna wakati wowote baadaye ambapo behewa litasema ukweli mwingi kama lilivyo sasa kabla halijaguswa. Pigeni picha kila ukuta, dari, sakafu na chini ya sakafu, mkiwa mmeweka rula ndani ya picha ili vipimo visomeke. Gawanyeni behewa kwa vyumba na vyumba kwa pande, kisha mkipe kila kipande namba: C3-K-14 iwe chumba cha tatu, upande wa kushoto, kipande cha kumi na nne. Namba hiyo ipigwe kwenye kibati kidogo na kufungwa kwa waya mwembamba, maana karatasi hulowa na wino hufutika. Skrubu za kipande kimoja ziingie mfuko mmoja wenye namba ileile.

Skrubu zenyewe zina habari. Seremala wa kiwandani alitumia skrubu za shaba zenye mfuo mmoja wa bisibisi bapa. Mkikuta skrubu ya nyota, jueni kwamba hapo pamefunguliwa na mtu wa baadaye, na pengine ubao ulioshikwa nayo si wa asili. Siku moja tulipokuwa tukifungua kipande chini ya dirisha, mwenzangu alisafisha rangi iliyoziba mfuo wa skrubu kwa ncha ya sindano ya kushonea magunia, akaweka bisibisi iliyojaa mfuo sawasawa, akagonga kitako chake mara moja kwa nyundo, kisha akaizungusha kidogo upande wa kukaza kabla ya kuilegeza. Ilitoka bila kulia. Nyuma ya ubao huo, mahali ambapo mwanga haukuwa umefika kwa miongo mingi, palikuwa na mshale na tarakimu vilivyoandikwa kwa penseli nzito, alama ya fundi aliyetaka kujua ubao unakaa wapi. Tuliipiga picha, tukaiacha. Alama hizo hazipigwi msasa wala vanishi.

Watafuteni pia wazee waliofanya kazi kwenye karakana za reli. Wengi waliwahi kuishi Muthurwa na Makongeni, mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na watoto wao bado wako mjini. Nendeni kwao kwa adabu, na picha mkononi, muwaulize kuhusu kitu kimoja kimoja. Mzee akiulizwa “reli ilikuwaje” atasimulia maisha yake. Akiulizwa “hii swichi ilikuwa ya nini” ataeleza kazi ya swichi.

Maji ndiyo adui wa kwanza

Msianze na rangi. Nimeliona behewa lililopakwa rangi ya mng'ao na kampuni iliyolipwa vizuri, ambalo miezi minane baadaye lilikuwa limevimba kama mkate uliolowa, kwa kuwa paa lilikuwa likivuja na rangi mpya ilifungia unyevu ndani ya mbao. Kazi ya kwanza ni kuzuia maji ya juu.

Paa za mabehewa mengi ya mbao zilikuwa za mbao nyembamba zilizofunikwa kwa turubai zito lililolazwa juu ya rangi nzito ya mafuta ikiwa bado mbichi, kisha likapakwa tena matabaka kadhaa. Turubai likishapasuka, hakuna kiraka cha lami kitakacholiponya. Lami huficha ufa na kupeleka maji pembeni. Kabla ya masika ya Machi hadi Mei, simamisheni fremu ya mabomba juu ya behewa zima na mtandaze turubai la lori juu ya fremu hiyo, mkiacha nafasi ya hewa ya angalau nusu mita. Turubai lililogusa ukuta wa behewa hutoa jasho usiku, na jasho hilo huozesha kuliko mvua yenyewe. Jua la Nairobi nalo, huku juu tulipo, hukausha vanishi upande mmoja na kuuacha mwingine mzima, kwa hiyo kifuniko kishuke upande wa magharibi.

Behewa likae chini ya kifuniko hicho hadi mbao zikauke zenyewe, madirisha yakiwa wazi kidogo. Hapo ndipo mnaweza kujua kilichooza na kilicholowa tu.

Mbao

Bonyezeni kila boriti kwa bisibisi nyembamba, hasa miguu ya nguzo za ukuta mahali zinapokaa juu ya fremu ya chuma, kizingiti cha milango na pembe za chini za madirisha. Bisibisi ikizama bila nguvu, mbao imekwisha. Ikitoa sauti ya kitu kitupu, mna mchwa. Msing'oe boriti nzima kwa sababu ya shibiri mbili zilizooza. Kateni hadi mfike kwenye mbao nzima, kisha unganisheni kipande kipya kwa kiungo cha mshazari ambacho urefu wake ni mara nane ya unene wa boriti. Kiungo hicho hubeba mzigo, na sehemu ya asili inabaki mahali pake.

Mabehewa mengi yaliyotoka Uingereza yalijengwa kwa msaji, na mafundi wa huku walipoyatengeneza walitumia pia mvule. Msaji wa zamani unapatikana Gikomba na kwa wanaovunja nyumba za kale, na mara nyingi umekauka vizuri kuliko mbao mpya ya dukani. Ununuzi wake unahitaji seremala anayejua kuinusa mbao iliyokwanguliwa, maana rangi peke yake hudanganya. Kipande kipya kichomwe tarehe kwa chuma cha moto upande usioonekana, ili mtu wa miaka 50 ijayo asikidhanie kuwa cha kiwandani.

Mabati ya ukuta, yakiwa na kutu, yasichomelewe yakiwa bado juu ya behewa. Cheche moja huingia kati ya bati na mbao na kufuka kwa saa kadhaa bila moshi kuonekana. Yafungueni, muyapeleke kwa mafundi wa Kamukunji, ambao huweza kukunja kingo za bati kwa nyundo na chuma cha reli kwa usahihi unaopendeza, mradi mmewapelekea kipande cha asili kama mfano wala si mchoro.

Magurudumu, breki na springi yaacheni kwa wahandisi wa reli. Behewa la maonyesho linatosha kufungwa breki na kuwekewa kabari za mbao ngumu, na hakuna anayeingia chini yake bila mwenzake kujua.

Kusoma rangi

Rangi za zamani zina madini ya risasi. Haziondolewi kwa msasa mkavu wala kwa moto. Zinalowanishwa, zinakwanguliwa, na takataka zake hukusanywa kwenye mfuko. Vaeni barakoa ya kuchuja vumbi na glavu, na nguo za kazi zisiende nyumbani kwenye watoto. Mkiona nyuzi nyeupe au za kijivu nyuma ya ubao wa dari au kwenye mabomba, simamisheni kazi, fungeni mlango, mwambieni msimamizi. Huenda ni asbestosi, na uondoaji wake ni wa watu walioidhinishwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Kabla ya kukwangua ukuta wote, fungueni jicho la rangi. Chagueni mahali palipokingwa na jua, kwa mfano chini ya kibao cha namba, msugue kwa msasa wa maji duara la upana wa sarafu, kisha mpanue polepole hadi kila tabaka lionekane kama pete ya mti. Kwetu juu palikuwa na rangi ya karibuni, kisha pete ya nyekundu iliyokolea, kisha krimu, na chini kabisa vanishi juu ya mbao tupu. Herufi nazo husaidia: jina la Reli ya Uganda lilibadilishwa kuwa Reli ya Kenya na Uganda mwaka 1926, Reli na Bandari za Afrika Mashariki zikaundwa mwaka 1948, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 Kenya ikawa na shirika lake. Mkikuta EAR (Reli za Afrika Mashariki) chini ya KR (Reli za Kenya), mnajua tabaka lile ni la enzi gani. Jicho moja liachwe wazi, lipakwe vanishi nyepesi, liwe hapo kwa kila atakayeuliza kwa nini mlichagua rangi mliyoichagua.

Umeme wa chini ya sakafu

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Katika mfumo ambao kampuni ya J. Stone ya Deptford, London, iliueneza tangu miaka ya 1890, dainamo ilining'inizwa chini ya behewa na kuzungushwa na mkanda uliotoka kwenye ekseli. Ustadi wote umo kwenye mkanda. Dainamo ilining'inia upande, hivyo mvuto wake uliukaza mkanda kwa kiasi kilichopimwa; garimoshi likizidi mwendo fulani, mkanda uliteleza badala ya kuizungusha dainamo kasi zaidi, na taa hazikuungua. Swichi inayotanuka kwa mzunguko iliunganisha dainamo na betri pale tu mwendo ulipotosha, na iligeuza miunganisho behewa lilipobadili upande wa safari. Selli 12 za betri za risasi na asidi, kila moja ya volti 2, zilitoa volti 24 za kuwasha taa wakati garimoshi limesimama stesheni gizani.

Anzeni kwa kuchora mzunguko wote wa nyaya kwa kuufuata kwa mkono, kuanzia sanduku la betri hadi taa ya mwisho ya choo. Nyaya za zamani zimefunikwa kwa mpira na kusukwa juu kwa uzi wa pamba. Mpira huo ukishazeeka huvunjika kama biskuti ukipindwa, kwa hiyo msiuvute. Ondoeni betri, balbu na fyuzi zote, kisha pimeni kinga ya kila waya dhidi ya fremu kwa mita ya megger ya volti 250. Waya unaosoma chini ya megaohm moja hautumiki tena. Uachwe mahali pake kama kielelezo, ncha zake zikiwa zimefungwa, na waya mpya upite kando yake.

Dainamo ishushwe kwa jeki, ifunguliwe mezani, ipulizwe vumbi kwa hewa hafifu. Ikiwa na unyevu, iwekeni siku kadhaa ndani ya sanduku lenye balbu ya joto, mkipima kila asubuhi hadi namba iache kupanda. Brashi za kaboni zitembee ndani ya vishikio vyake bila kukwama. Kuhusu komuteta, yaani mviringo wa vipande vya shaba ambao brashi hizo hugusa, nina deni kwa mzee mmoja wa umeme wa mabehewa aliyetutembelea na kumkuta kijana wetu akiisugua kwa msasa mweusi wa chuma. “Acha hiyo, mwanangu,” alisema. “Chembe zake hupitisha umeme, zitakaa kati ya vipande hivi vya shaba na utaungua.” Akaomba msasa wa kioo ulio laini, akauchana ukanda wa upana wa vidole viwili, akaukunja juu ya kibao kilichochongwa kwa mviringo wa komuteta ileile, akausogeza taratibu huku kijana akizungusha ekseli kwa mkono. Kisha akapitisha kijiti cha mwanzi katika kila mfuo, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja.

Dainamo iliyo nzima, ikipewa umeme wa betri huku mkanda umevuliwa, hugeuka mota na kuzunguka polepole. Hilo ndilo jaribio lake rahisi. Weka fyuzi kati, simama kando, sikiliza beringi.

Betri za asili hazifai kutiwa asidi tena. Zioshwe na kuonyeshwa. Mahali pake, ndani ya sanduku lilelile, betri mbili za lori za volti 12 zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 24 zilezile. Hii ni bahati yetu: malori yanatumia volti 24, hivyo balbu, fyuzi na nyaya za kipimo hicho zinapatikana Barabara ya Kirinyaga siku yoyote. Tako la balbu ya lori ni dogo kuliko lile la taa nyingi za behewa, lakini fundi wa vyuma huweza kuchonga kipande cha shaba cha kuliziba pengo bila kuitoboa taa yenyewe. Fyuzi kuu ikae karibu na betri kadiri iwezekanavyo, sanduku liwe na matundu kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, na kila anayefanya kazi hapo avue pete na saa, maana spana ikigusa ncha zote mbili hufanywa nyekundu kwa moto.

Siku ya kuwasha, funganisheni mzunguko mmoja tu, ule wa chumba kimoja. Pimeni volti kwenye betri, kisha kwenye taa ya mbali; pengo likizidi volti moja, kuna kiungo kilicholegea au chenye kutu. Acheni taa ziwake nusu saa, kisha pitisheni mgongo wa mkono kwenye kila kiungo, kila swichi na kila tako la taa. Palipo na joto, zimeni na mfungue. Ndipo muende kwenye chumba cha pili. Kazi hii ifanywe jioni, vyumba vingine vikiwa gizani, kwa kuwa cheche ndogo kwenye swichi haionekani mchana, na pia kwa kuwa watu waliotoa Jumamosi zao mwaka mzima wanastahili kuliona behewa likiwaka chumba baada ya chumba.

Vipimo vya jioni hiyo viandikwe kwenye daftari lilelile la siku ya kwanza, pamoja na tarehe na majina ya waliokuwepo. Betri zipimwe kila mwezi, na kinga ya nyaya ipimwe mara mbili kwa mwaka, mwezi Juni na mwezi Januari, mvua za masika na za vuli zinapokuwa zimeisha na unyevu wake bado umo ndani ya mbao.